Siku Mhariri Mkuu Alipoinuka Kitini

Sikilizeni, enyi mliokaa na enyi mliosimama kwa kukosa pa kukaa! Zimeni redio, mwambieni jirani aiweke chini nyundo yake, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana habari inayoletwa mbele yenu haijawahi kuletwa. Si habari ya wafalme walioteka miji, wala ya majeshi yaliyovuka milima. Hizo zimekwisha kusimuliwa na watu waliolishwa ili wazisimulie. Hii ni habari ya vita vilivyopiganwa mchana kweupe, katika chumba chenye feni isiyozunguka, baina ya fundi makochi mmoja, mgane, na Mhariri Mkuu mmoja, mnene wa cheo na wa kiwiliwili. Na kilichogombewa humo hakikuwa nchi wala dhahabu, bali hili tu: mtu mkubwa aliyeketi, je, atainuka au hatainuka?

Ewe ulimi, usiteleze. Ewe kumbukumbu, usisinzie kama wasinziavyo waliopewa kazi ya kukumbuka.

Shujaa wetu ndiye Fundi, Simba wa Sindano Ndefu, Mvua Makochi Nguo, aliyezituliza springi zilizowarusha wenyewe, na ambaye mkononi mwake sponji lilitii kama unga mkononi mwa mwokaji. Misumari aliishika kwa meno, na kuzungumza akazungumza hivyo hivyo, wala hakuimeza hata mmoja. Shule aliiona. Aliingia kwa mlango na kutoka kwa dirisha, na hakutokea mkubwa yeyote wa kumfuata nje kumwuliza, we mtoto, unakwenda wapi.

Mke wake alipougua ugonjwa ule mrefu, wenye hospitali walimrudisha nyumbani wakisema dawa zimeagizwa. Zikaendelea kuagizwa hadi zikawa hazihitajiki tena. Katika kungoja huko Fundi alimlaza karakanani, juu ya kochi ambalo mteja wake hakulirudia, kochi la mahameli ya buluu, ili asiwe peke yake chumbani akihesabu nyufa za dari. Na huku akipigilia vitambaa vya watu akawa anamsimulia hadithi. Hakuzitoa kokote. Alizitunga papo hapo, misumari mdomoni, na kila alipokwama alipiga nyundo mara nyingi kuliko ilivyohitajika mpaka neno likaja.

Alasiri moja mkewe akamwambia, "Hadithi zako tamu, Bwana Fundi. Lakini ushahidi wangu usiutegemee."

"Kwa nini?"

"Mimi mkeo. Hata ukinisomea maandishi ya kopo la gundi, nitasema tamu. Ziandike. Halafu mtafute mtu asiyekupenda, asiyekupenda hata chembe, azisome. Akitaka kujua mbele kuna nini, basi umekuwa mtunzi."

"Na asipotaka?"

"Utarudi kwenye misumari yako. Kwani ilikukosea nini?"

Akacheka, kikohozi kikamkatiza. Hakukaa sana baada ya hapo. Alifariki siku ya kazi, saa za kazi, ofisi zote za serikali zikiwa wazi na watumishi wake wamo ndani.

Basi Fundi akaandika. Mtu aliyetoka shule kwa dirisha akaketi mbele ya karatasi kama askari aketivyo mbele ya mto wenye mamba, na maneno yakamng'ata, naye akayang'ata. Mwisho akapeleka kazi yake ikachapwa kwa mashine, ikatoka nakala moja, pweke, isiyo na kaka wala dada. Naye, kwa kuwa alijua kazi moja tu hapa duniani, akaivisha. Akakata mahameli ya buluu kutoka lile kochi, akafanya jalada, na chini ya mahameli akalaza sponji jembamba, kama zilivyo albamu za picha za harusi, kisha akashona pembeni kwa uzi wa makochi ambao fahali hawezi kuukata.

Hilo, enyi wasikilizaji, ndilo kosa lililozaa vita. Mshairi angefunga kazi yake kwa kamba, mwalimu angeitia kwenye faili. Fundi makochi akaitia sponji.

Shemeji yake, dada wa marehemu, mwanamke ambaye hakuwahi kuona kitu akakiacha bila kukisemea, alikuja karakanani akakibonyeza kile kitu kwa kidole gumba.

"Shemeji, hiki ndicho kitabu?"

"Ndicho."

"Mbona nikikibonyeza kinarudi?"

"Kazi nzuri hurudi, shemeji."

"Haya. Wapelekee. Ila nakwambia, wale watu hawajasoma hata kibao cha mlangoni mwao. Kingekuwa na herufi zote."

Na kweli, kibao cha Nyumba ya Vitabu kilikuwa kimepoteza herufi mbili, na waliokuwa ndani hawakujua, kwa kuwa wao huingilia mlango wa nyuma, panapoegeshwa magari. Hiyo ndiyo ngome aliyoiendea Fundi. Kuta zake nene, ngazi zake za saruji zilizolika katikati, na juu yake walitawala wakubwa wa aina ile tunayoijua. Mkurugenzi aliteuliwa kwa sababu siku moja alivaa suti mbele ya mtu anayefaa. Mhariri Mkuu alipata cheo kwa kuwa aliyekuwa nacho alistaafu, naye ndiye aliyekuwa ameketi karibu zaidi. Wote wawili walikuwa walinzi wa maandishi ya taifa zima, kama paka wawili waliokabidhiwa maziwa, ila hawa hata maziwa hawakuyanywa, waliyaacha yagande.

Fundi akaukabidhi mswada mapokezini, na huko akakutana na mlinzi wa lango, dada wa mapokezi, Mwenye Kalamu Iliyofungwa kwa Kamba.

"Mzee, acha hapo. Utafanyiwa kazi."

Mvua zikanyesha, zikakoma. Fundi akarudi.

"Unafanyiwa kazi, mzee."

Jua likawaka, vumbi likapanda ngazi kabla yake. Fundi akarudi tena.

"Mzee, si nilikwambia? Unafanyiwa kazi."

"Kazi gani hiyo, binti yangu? Mimi kochi la watu watatu nalimaliza, mwenye kochi bado hajamaliza kulalamika."

"Vitabu si makochi, mzee."

"Nakuona umekaa, kwa hiyo nakuamini."

Hivyo ndivyo walivyozoeana, kwa kuchokana. Hatimaye siku moja, siku iliyokuwa imeandaliwa tangu ulimwengu haujapigiliwa msumari wa kwanza, Fundi aliingia na shati lililopigwa pasi, akasimama mezani pa mapokezi, na yule dada, ambaye mshahara wake ulikuwa umechelewa na huruma yake kwa wakubwa imekwisha, akatazama kushoto na kulia.

"Mwenyewe yupo leo," akasema chini chini. "Panda. Chumba cha mwisho, mlango wa kahawia. Akikuuliza nani kakuruhusu, mimi sikukuona."

Yakafunguka malango ya ngome! Akapanda, Simba wa Sindano, mkono wa kulia kwenye ukuta kwa kuwa ngazi haikuwa na kishikio. Akapita milango iliyoandikwa vyeo virefu na isiyo na watu nyuma yake. Akafika mlango wa kahawia, akapiga hodi, na bila kungoja jibu, maana kungoja kwake kote alikuwa amekumaliza, akaingia.

Mle ndani aliketi adui. Mtazameni! Shavu juu ya shavu, tai fupi juu ya tumbo refu, amekunjua kalenda ya zamani juu ya meza na anakata kucha juu yake kwa kikata kucha kinachong'aa, kwa umakini ambao mwandishi yeyote angeutolea machozi kama ungetumika kwenye sentensi yake. Meza ilikuwa pana kama uwanja. Kiti chake cha kuzunguka kilikuwa kimeshuka, kama vishukavyo viti hivyo vikichoka kubeba dhamana kubwa, na ili kidevu kisilingane na meza, Mhariri Mkuu alikuwa ameketi juu ya rundo la karatasi. Rundo lile lilikuwa miswada, kazi za watu, miaka ya watu. Na juu kabisa, chini ya paja la kushoto, kona ya mahameli ya buluu ilikuwa ikichungulia kama mtoto aliyelaliwa na mama mzito.

Fundi aliiona. Kumbe ni kweli kulikuwa na kazi iliyokuwa ikifanyika. Ila waliosema mswada unafanyiwa kazi walikosea kidogo, mswada wenyewe ndio uliokuwa kazini.

"Habari za kazi, mheshimiwa," akasema. Alimzidi umri yule bwana kwa mbali, lakini katika majumba yale umri hupimwa kwa upana wa meza.

"Nani kakuruhusu?"

"Nimekuja kuulizia mswada wangu. Hadithi."

"Hadithi ziko nyingi, mzee wangu. Uko kwenye jopo la wasomaji. Jopo likimaliza utaitwa."

"Hilo jopo naweza kuliona?"

"Jopo halionwi ovyo ovyo."

"Mbona mimi naliona? Limevaa suruali ya kijivu."

Kikata kucha kikasimama hewani. Kisha Mhariri Mkuu akatazama chini, akaiona kona ya buluu, na wala hakuona haya, kwa sababu haya nayo ilikuwa mahali fulani chini ya lile rundo.

"Aaa. Huu wako?" Uso ukamchangamka. "Mzee, hongera sana. Huu ndio bora kuliko yote tuliyoletewa. Nakwambia kweli. Nimejaribu ya maprofesa, inaumiza. Kuna ule wa mashairi, una pini. Huu wako unaukalia toka asubuhi, mgongo umetulia. Watu wa uhasibu waliutaka, nikakataa katakata. Nikawaambia huu hautoki ofisini kwangu."

Hivyo ndivyo mtunzi wetu alivyosifiwa kwa mara ya kwanza na Nyumba ya Vitabu. Hakuna mwandishi aliyewahi kutetewa hivyo na mhariri wake.

"Umeusoma?" akauliza Fundi.

"Utafanyiwa kazi."

"Basi inuka unipe, nikusomee mimi."

"Njoo wiki ijayo."

Hapo vita vikaanza. Fundi akafanya shambulio la kwanza, shambulio la adabu: alirudi nyuma hadi ukutani, akanyoosha mkono wa kuagana, mkono mrefu wa heshima, akiuweka mbali ili yeyote anayetaka kuupokea sharti ainuke. Majemadari wakubwa wameanguka kwa hila ndogo kuliko hiyo. Lakini Mhariri Mkuu, mkongwe wa kuketi, akanyoosha vidole viwili tu juu ya meza kama anayeonja joto la maji ya kuoga, akavirudisha, akasema, "Haya, kwa heri."

Shambulio la pili lilikuwa la fadhila. "Mheshimiwa," akanena Fundi, "hicho kiti nakijua ugonjwa wake. Inuka dakika, nikitengeneze bure, kisimame kama kilivyonunuliwa."

Mhariri Mkuu akashtuka kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. "Thubutu! Usikiguse! Hiki kimeandikwa kibovu. Kikipona kinatoka kwenye orodha ya vibovu, na nikiwa sina kiti kibovu, kipya nitapewa kwa sababu gani? Ombi langu liko kwa Mkurugenzi toka enzi hizo."

"Na kipya kisipokuja?"

"Kitakuja. Kinafanyiwa kazi."

Fundi akamtazama, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba yule mtu mnene naye alikuwa akingoja mahali, kama mswada. Walakini huruma haikumwingia. Mtu akikanyagwa mguuni hulia. Wakubwa wa siku hizi wakikanyagwa mguuni hutafuta mguu mdogo wa kukanyaga.

Ndipo akafanya shambulio la tatu, la maneno makuu. Akajikunjua urefu wake wote, akaweka mkono kifuani, na maneno yakamtoka yakiwa yamejipanga kama askari wa gwaride. "Ewe bwana wa chumba hiki! Makochi ya mji huu nimeyavua nguo yote, ya majaji na ya walevi. Najua wakubwa wanaangusha nini wakikaa. Nimekuta vitana. Nimekuta funguo za nyumba zisizo za kwao. Nimekuta meno ya bandia, yakinichekea. Lakini sijawahi, tangu nishike nyundo, kuinua mto nikakuta mtu amemkalia mke wa mwenzake. Hizo hadithi ni za mke wangu. Alizisikiliza mpaka siku alipoacha kusikia. Inuka, bwana! Inuka juu yake!"

Kuta zilitetemeka, au pengine lilipita lori.

"Mke gani tena?" akasema Mhariri Mkuu. "Mzee, usinitafutie kesi. Mimi mtu wa familia."

Na mara simu ya mezani ikalia.

Mhariri Mkuu akainyanyua kwa uvivu. Kisha, lo! Sauti iliyotoka humo ilimpita kama umeme. Mgongo ukanyooka. Mkono usio na simu ukakimbilia koti lililokuwa limening'inia kitini, ukalivuta begani, ukafunga kifungo. Kwa simu, enyi wasikilizaji, kwa mtu asiyemwona! "Ndiyo, mkuu. Naam, mkuu. Hapana, mkuu, yaani ndiyo." Na kila aliposema mkuu, makalio yale yaliyoshinda adabu, fadhila na maneno makuu yaliinuka upana wa kidole, yakatua, yakainuka, yakatua. Kona ya buluu ikawa inapumua.

Fundi aliona. Mtu asiyejua kuinuka kwa ajili ya aliye mbele yake alijua kuinuka kwa ajili ya aliye juu yake, na hapo ndipo ngao yake ilipokuwa na tundu.

Simu ikawekwa chini, koti likafunguliwa kifungo, kikata kucha kikachukuliwa. "Bado upo?" akauliza Mhariri Mkuu.

Fundi aligeuka taratibu kuelekea mlango, mlango mtupu, ulio wazi, usio na mtu wala kivuli, akainamisha kichwa, akakutanisha viganja, na kwa sauti ambayo alikuwa akiitumia kuita wateja kutoka upande wa pili wa barabara, akanguruma:

"SHIKAMOO, MKURUGENZI! Karibu, mheshimiwa! Ndiyo tulikuwa tunakutaja!"

Akainuka!

Aliinuka, enyi wa karibu na wa mbali! Milima huinuka polepole, yeye aliinuka kwa mkupuo. Kiti kikaruka nyuma kikagonga kabati, kucha zikatawanyika kama makapi, na kwa kuwa mtumishi aliyekutwa bila kitu mkononi ni mtumishi aliyenaswa, mkono wake ukashuka pale alipokuwa ameketi, ukanyakua cha juu, ukakifungua mbele ya uso. Mahameli ya buluu! Na macho yake, kwa hofu tupu, yakaanza kupita juu ya mistari.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Mhariri Mkuu alichungulia juu ya jalada, akaona mlango, akaona Fundi, na uso wake ukaanza kuwa wa rangi nyingine. Lakini ile sauti ilikuwa imekwenda mbali kuliko alivyokusudia mwenyewe. Ilikwenda koridoni, ikapita milango ya vyeo virefu, ikamfikia Mkurugenzi wa kweli aliyekuwa akishuka kuliendea gari lake. Na mkubwa anaweza kuziacha njiani barua za watu, kilio cha watu na pensheni za watu. Shikamoo iliyotajwa jina lake hawezi kuiacha njiani.

"Marahaba," ikasema sauti mlangoni. "Nani huyo ananisalimia?"

Mkurugenzi alikuwa mtu mdogo ndani ya suti kubwa. Alimwona Fundi, hakumtilia maanani. Alimwona Mhariri Mkuu amesimama na mswada wazi mikononi, akatoa miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Wewe unasoma?"

"Ndiyo, mkuu. Huu... huu tunautoa, mkuu."

"Tunautoa?"

"Awamu hii hii, mkuu."

Mkurugenzi akasogea, akalibonyeza jalada kwa kidole, likarudi. Akalibonyeza tena. "Laini," akasema. "Hiki ndicho kitu. Watu wa wizara wanakuja kuuliza mwaka huu tumechapa nini, na mimi sina hata kalenda. Harakisha. Na picha yangu iwekwe mbele." Akafika mlangoni, akageuka. "Nitakuuliza kinahusu nini. Nataka niwaeleze mwenyewe."

Akaenda zake. Hakuuliza kitabu ni cha nani.

Mngedhani Fundi aliruka juu kwa shangwe. Hakuruka. Alisimama akilitazama koti lililofungwa kifungo vibaya, na moyoni alijisikia kama mtu aliyeirushia nazi jiwe, likaangusha kunguru. Kitabu kitatoka kwa kuwa mmoja alimwogopa mwingine, na huyo mwingine anawaogopa wengine tena. Hofu ndiyo iliyokipitisha, wala si hadithi. Na hofu hakuwa ametumwa kuitafuta.

Mhariri Mkuu alimgeukia akitweta. "Umefurahi? Umeniponza, mzee! Sasa itabidi nisome huu upuuzi wote, kwa sababu yako! Mimi! Fundi makochi ananipangia kazi! Ningekuwa na askari mlangoni ungeshuka ngazi hizo kwa kichwa."

"Soma," akasema Fundi. "Nakungoja."

"Usiningoje. Sitaki kukuona."

"Hivyo hivyo ndivyo ninavyotaka. Nichukie vizuri, kisha soma."

Akasoma, basi. Mwanzoni alisoma kwa pua, kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala. Ilikuwa hadithi ya mwanamke mmoja anayekaanga mayai jikoni kwake mchana, akasikia hodi kwa sauti ya mumewe, na mumewe amekwisha kuzikwa, na mazishi mwanamke mwenyewe alihudhuria, na udongo alirusha. Mhariri Mkuu akaguna. Akageuza ukurasa. Akaguna tena, ila guno la pili lilikuwa fupi. Mkono wake ukatafuta kiti nyuma, haukukikuta, ukasahau ulikuwa unatafuta nini. Mayai yakaanza kuungua kule jikoni kwa yule mwanamke. Simu ya mezani ikalia, ikalia, ikachoka. Yule mwanamke akasogea mlangoni akaweka mkono kwenye komeo, na kwa nje ile sauti ikasema jambo ambalo mumewe peke yake ndiye aliyelijua, na hapo chini ukurasa ukaisha.

Mhariri Mkuu akataka kuugeuza, haukugeuka. Karatasi zilikuwa zimeshikana kwa joto la kukaliwa siku zote hizo. Akajaribu kuzibandua kwa ncha ya kidole, na kucha hana, zote ziko sakafuni. Akalowesha kidole. Akapuliza pembeni. Akainua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, akakunja jicho moja, akatafuta maneno kwa upande wa nyuma.

"Alifungua?" akauliza.

"Nani?"

"Huyu mwanamke! Alifungua mlango, hakufungua?"

"Si upuuzi huo, mheshimiwa?"

"Wewe mzee una kiburi sana. Nijibu basi. Nina kikao."

Fundi akachukua kofia yake. "Ibandue taratibu," akasema, "kuanzia chini. Imeandikwa humo." Akatoka, na hakuufunga mlango.

Yaandikeni haya, enyi wenye kazi ya kuandika, kama mnaweza kupata nafasi baina ya hotuba za wakubwa na picha zao! Kitabu kilitoka? Kilitoka. Kilitoka na uso wa Mkurugenzi mbele, mkubwa kama sinia, na jina la mtunzi chini pembeni, dogo kama chawa aliyejificha kwenye mshono, na mahameli hayakuwemo. Wizara ilikibonyeza, haikukiona kikirudi, ikakiweka kabatini. Hayo si historia. Hayo ni mambo yao ya kila siku, na wamewahi kufanya mabaya zaidi.

Historia ni hii, isimuliwe mahali popote penye kiti na mtu wa kukikalia: kwamba katika mji wenye wakubwa wengi na wasomaji wachache, mchana mmoja, mbele ya dirisha, alisimama mtu mnene aliyemchukia Fundi kwa moyo wake wote, kikao chake kikimngoja, ulimi nje, jasho puani, akibandua karatasi kwa vidole visivyo na kucha, polepole, kuanzia chini, asije akachana hata neno.